Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mume, mke na nyumba katika jamii ya jadi ya Wahopi

Wahopi ni watu gani, na "jadi" hapa ni ya lini?

Wahopi ni taifa la wenyeji wa Marekani wanaoishi kaskazini mashariki mwa jimbo la Arizona. Vijiji vyao vimejengwa juu na kandokando ya milima mitatu yenye vilele tambarare, inayoitwa Mesa ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu. Walpi, Shungopavi, Oraibi na Hotevilla ni baadhi ya vijiji hivyo. Ni wakulima wa mahindi katika nchi kame, ambako mvua ya mwaka mzima haizidi sana milimita 250.

Majibu yaliyo hapa yanahusu hasa miaka ya 1880 hadi 1940. Mengi yanaendelea hadi leo, na palipobadilika tumepataja.

Nyumba ilikuwa ya nani?

Ya mwanamke. Mama, binti zake, na binti za binti zake waliishi pamoja au kwenye vyumba vilivyoshikana ukuta kwa ukuta. Binti akiolewa, hakuhama: mumewe ndiye aliyehamia. Nafasi ikipungua, chumba kingine kiliongezwa ubavuni au juu ya dari. Wanaume walibeba mawe na magogo ya paa, na magogo hayo yalitoka mbali kwa sababu miti mikubwa haioti karibu na vijiji. Wanawake walikandika kuta kwa udongo, ndani na nje, na kurudia kila zilipochakaa. Kumiliki kulikwenda na kutunza.

Mashamba yaligawiwa kwa koo, na ukoo wa Hopi hufuatwa kwa mama. Mwanamume alilima shamba la ukoo wa mkewe. Aliyapanda mahindi, akayapalilia, akayafukuzia kunguru, akayavuna. Mavuno yalipovuka kizingiti yakawa ya mke. Yeye na mama yake waliyapanga masuke kama kuni kwenye chumba cha ndani, kila rangi mahali pake, na mara kwa mara wakayatoa juani ili wadudu wasiyaingie. Kaya iliyojiweza ilikuwa na akiba ya kuvuka mwaka mmoja au miwili ya ukame, na mwenye kuamua nini kiliwe, nini kiuzwe na nini kisiguswe alikuwa mwanamke.

Mume alikuwa na mali yake pia: kondoo, farasi, punda, vifaa vya kufumia, na vyombo vyake vya ibada. Hivyo vilikwenda naye popote alipokwenda.

Basi Wahopi walitawaliwa na wanawake?

Hapana, na kosa hili linarudiwa sana. Kiongozi wa kijiji, kikmongwi, alikuwa mwanamume, na katika vijiji vingi alitoka ukoo wa Dubu. Vyama vikubwa vya ibada viliongozwa na wanaume, na kiva, yaani chumba cha ibada kilichochimbwa chini ya ardhi, kilikuwa mahali pa wanaume kwa siku nyingi za mwaka. Huko walisokota nyuzi, walifuma na kuzungumza.

Lakini kiongozi alipata cheo chake kupitia mama yake. Vitu vitakatifu vya ukoo vilikaa katika nyumba ya ukoo chini ya uangalizi wa mama wa ukoo, ambaye mara nyingi alikuwa dada wa kiongozi mwenyewe. Kaka hakuweza kuendesha ibada bila nyumba ya dada yake, na dada hakuendesha ibada ile badala ya kaka. Wanawake walikuwa na vyama vyao vitatu vya ibada: Maraw, Lakon na Oaqöl. Sherehe zao zilifanyika majira ya mavuno, karibu Septemba na Oktoba, na kwa siku hizo waliingia kiva wao.

Anayetafuta nani alikuwa juu ya mwenzake hatapata jibu zuri. Swali linalozaa matunda ni hili: mwanamume alikuwa na sauti katika nyumba ipi?

Mwanamume alikuwa na sauti katika nyumba ipi?

Katika nyumba ya mama yake na dada zake. Huko alikuwa mjomba, na mjomba ndiye aliyewarudi wapwa, kuwafundisha wajibu wa ukoo, na kumwandaa mmoja wao arithi kazi yake ya ibada. Kwenye nyumba ya mkewe alikuwa mkwe: alifanya kazi kwa bidii, hasa miaka ya mwanzo chini ya jicho la baba mkwe, na mambo ya ukoo wa mke yalipojadiliwa, waliosema ni wake na kaka zao.

Hapa ndipo mvutano mwingi wa kaya ya Kihopi ulipozaliwa. Kila mwanamume alikuwa na nyumba mbili. Aliendelea kuiita ya mama yake nyumbani, alirudi huko kula, kusaidia na kushiriki ibada. Mke aliona siku zinapotea kwa dada yake mume wakati shamba lina magugu. Dada aliona kaka anachoka kwa watu wengine wakati wapwa hawana wa kuwafunza. Hakuna upande uliokuwa na kosa; wote wawili walikuwa na haki juu ya mtu yuleyule.

Baba alikuwa na nafasi gani kwa watoto wake, kama mjomba ndiye mwenye amri?

Nafasi ya upendo na ya kazi. Baba alimpeleka mwanawe shambani na malishoni, akamfundisha kupanda: kuchimba kwa muo shimo la kina cha sentimita 20 au zaidi hadi kufikia unyevu wa chini, kutia punje kumi au zaidi katika shimo moja, kisha kuruka hatua kadhaa kabla ya shimo linalofuata. Asiyechimba kwa kina alivuna majani makavu, na aliyebananisha mashimo aliifanya mimea igombanie maji. Adhabu kali haikutarajiwa kutoka kwa baba. Mtoto akishindikana, alipelekwa kwa mjomba, au mjomba aliitwa.

Mpangilio huu ulipunguza chuki kati ya baba na mwana. Uliihamishia kwa mjomba, na wapo wajomba waliochukiwa.

Shangazi anaingia wapi?

Kila mahali penye furaha, na mahali pamoja penye matope.

Mtoto akizaliwa, yeye na mama yake walikaa ndani siku 20 bila jua kuwagusa. Suke la mahindi lisilo na kasoro liliwekwa kando ya mtoto. Mistari minne ya unga ilichorwa ukutani, na mmoja ukafutwa kila baada ya siku tano, na hivyo kalenda ilikuwa mbele ya macho. Mwenye kusimamia siku hizo alikuwa mama yake baba. Alfajiri ya siku ya 20 shangazi walikuja, wakamwosha mtoto nywele kwa povu la mizizi ya yuka, mmea wa nchi kame, na kila mmoja akampa jina lenye kugusia ukoo wa baba. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama, lakini jina lilitoka kwa ukoo wa baba. Kisha alipelekwa kuonyeshwa kwa jua likichomoza.

Shangazi na mpwa wake wa kiume walikuwa watani maisha yote. Alimwita mpenzi wake hadharani, na mvulana alimletea nyama ya uwindaji na zawadi ndogondogo. Utani huo ulifika kilele siku za harusi.

Harusi ilikwendaje, na matope ni ya nini?

Msichana ndiye aliyeweza kuanza. Njia mojawapo ilikuwa kumpa kijana mkate mtamu wa mahindi uitwao qömi wakati wa matembezi ya vijana. Kila aliyeona alijua maana yake. Wazee wa pande zote wakiridhia, hatua zilikuwa hivi.

Kwanza, bibi harusi alipelekwa nyumbani kwa mama yake kijana akiwa na unga mweupe wa mahindi. Alikaa huko akisaga siku tatu, amepiga magoti, chumba kimetiwa giza. Kusaga kulifanywa kwa mawe yaliyopangwa safu, kutoka lenye uso mkwaruzo hadi laini kabisa. Unga ulipita jiwe moja baada ya jingine. Familia ya mume ilitazama ulaini wa unga na uvumilivu wa mgongo.

Katika siku hizohizo shangazi za kijana waliivamia nyumba wakiwa na ndoo za maji na matope. Waliwapaka mama yake kijana na dada za mama huyo, walimtukana bibi harusi kwamba ni mvivu, ana makengeza, hajui kupika, na kwamba kijana alikuwa wao. Wenye nyumba walijibu kwa matope yao. Kuta zilichafuka, nywele zikachafuka, na watu walicheka hadi kulia. Baadaye walioharibu walilipa walichoharibu. Kwa maoni yetu hii ni moja ya desturi zenye busara kubwa za Wahopi: wivu wa kumpoteza kijana, ambao ni wa kweli, ulipewa siku yake, mahali pake na mipaka yake. Tena ulisemwa na shangazi, wala si mama mzazi, kwa sababu maneno hayo yakitoka kwa mavyaa yangebaki moyoni mwa mkwe miaka yote.

Asubuhi ya siku ya nne kabla ya jua, ndugu wa kike wa mume walimwosha bibi harusi nywele, na ndugu wa bibi harusi wakamwosha bwana harusi. Nywele za wawili hao zilichanganywa pamoja katika povu. Ndipo wakaenda ukingoni mwa mesa upande wa mashariki kuomba. Kuanzia hapo walikuwa mume na mke. Mtindo wa nywele ulibadilika pia: mafundo mawili makubwa ya duara ya msichana yalifunguliwa, na mke alisuka vikunjo viwili vinavyoning'inia mbele ya mabega.

Kwa nini bibi harusi aliendelea kukaa kwa mavyaa baada ya hapo?

Alisubiri mavazi. Baba wa kijana aligawa pamba kwa wanaume wa ukoo na marafiki. Wakatoa mbegu, wakachambua, wakasokota, wakafuma. Wanawake wa Hopi hawakufuma nguo hizi. Ni kazi ya wanaume. Vilivyotakiwa ni mashuka mawili meupe, kubwa na dogo, yaitwayo oova, mshipi mpana wenye nyuzi ndefu, viatu vyeupe vya ngozi laini, na mkeka wa matete wa kuviringishia. Kazi ilichukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Muda wote bibi harusi alisaga na kupikia wafumaji.

Mavazi yakikamilika, alirudi kwa mama yake akiwa ameyavaa, na mume akafuata. Julai iliyofuata, wakati wa sherehe ya Niman ya kuwaaga katsina, yaani roho zinazoigizwa na wanaume waliovaa vinyago, mabibi harusi wa mwaka ule walionekana uwanjani wakiwa na mashuka hayo. Hayakuuzwa kwa wepesi, kwani iliaminika mwanamke atayahitaji kusafiria kwenda Maski, nyumba ya wafu.

Familia ya mke ilitoa nini?

Unga, kwa wingi unaotisha: mabeseni na mabeseni, uliolundikwa na kusawazishwa kwa mikono. Pamoja nao nyama, piki, yaani mkate mwembamba wa mahindi, na sinia za kusuka. Mesa ya Tatu ni maarufu kwa sinia za vijiti vya rangi, na Mesa ya Pili kwa zile za kuzungusha na kushona. Sinia moja ilikuwa ya bwana harusi mwenyewe, nayo ilihesabiwa kuwa chombo chake cha safari ya mwisho, kama oova ilivyo kwa mke.

Penye matatizo ni hapa. Deni hili la kurudishia mavazi ya harusi lililipwa kwa kazi ya mikono ya shangazi, mama wadogo na binamu, na pengine lilichukua mwaka na zaidi. Kaya yenye mabinti wengi na shamba dogo ilichelewa. Ikichelewa, mawifi walianza kusema, na maneno yalimfikia mke kisimani.

Mwanamke alifanya kazi gani za kila siku?

Kusaga, kwanza na mwisho. Halafu kupanda ngazi na njia za mawe akiwa na mtungi wa maji mgongoni, kwa maana chemchemi ziko chini ya mesa. Bustani ndogo za kumwagilia karibu na chemchemi zilikuwa zake. Alikandika nyumba, alisuka, na kwenye Mesa ya Kwanza alifinyanga vyungu.

Piki ilikuwa mtihani wa ustadi. Unga wa mahindi ya buluu hukorogwa kwa maji ya moto na kutiwa maji ya majivu ya vichaka, ambayo huipa rangi yake na kuizuia isigeuke kijivu chafu. Uji huo mwepesi hupakwa kwa kiganja kwa mpigo mmoja juu ya jiwe bapa lililopashwa moto na kupakwa mafuta ya mbegu. Jiwe likipoa, piki hunata. Likizidi moto, hukatika na vidole huungua. Uji mzito hutoa mkate mgumu, majivu mengi huuachia uchungu. Jiwe lenyewe lilirithiwa na kutunzwa, maana likipasuka kazi ya kulilainisha huanza upya.

Mama na binti waligombana?

Ndiyo, na wachunguzi wengine, akiwemo mwanaanthropolojia Alice Schlegel, wameona kwamba ujana wa msichana ulikuwa kipindi kigumu kuliko cha mvulana. Mvulana alilala kiva, alitembea usiku na wenzake, alikwenda malishoni. Msichana baada ya kuvunja ungo alisaga siku nne katika nyumba ya shangazi yake, chumba cha giza, bila chumvi wala nyama. Alitoka na nywele za mafundo, na kuanzia hapo aliwekwa nyumbani, mbele ya mawe ya kusagia, chini ya mama ambaye hakuondoka. Hakuwa na nyumba ya pili ya kukimbilia kama kaka yake. Wala baada ya ndoa hakuondoka.

Bibi alikuwa mpole zaidi na mara nyingi alipatanisha. Katsina wa kutisha waitwao So'yoko, waliopita nyumba kwa nyumba majira ya sherehe ya Powamuya mwezi Februari, nao walitumika. Walimwachia msichana mahindi asage na mvulana mitego ya panya, wakarudi siku kadhaa baadaye kudai. Walitaja makosa ya mtoto kwa jina. Wazazi walibishana nao na kumkomboa kwa nyama na unga. Mtoto aliona mama yuleyule mkali akimpigania mlangoni.

Talaka ilikuwa rahisi kweli?

Kwa utaratibu, ndiyo. Hapakuwa na hakimu wala mahari ya kurudisha. Mume alirudi kwa mama yake au dada yake, au alikuta vitu vyake vimewekwa nje ya mlango. Watoto walibaki na mama, katika nyumba ileile, shamba lilelile, kitanda kilekile. Ndoa za miaka ya mwanzo zilivunjika mara nyingi. Zilizodumu baada ya watoto kadhaa zilikuwa imara.

Sababu zilizotajwa sana ni uzinzi, uvivu wa shamba, na mkwe kutoelewana na wakubwa wa nyumba. Hasara ya mwanamke ilikuwa mikono ya kulima. Kaka na baba walibeba mzigo hadi apate mume mwingine. Hasara ya mwanamume ilikuwa kila kitu alichokijenga kwenye nyumba ile. Ila ubaba haukuvunjika: shangazi waliendelea kumwosha mtoto nywele na kupigana matope siku ya harusi yake.

Vipi kuhusu mume kumpiga mke?

Kulitokea, kama kokote. Lakini aliyeinua mkono aliuinua ndani ya nyumba ya mavyaa wake, mbele ya dada za mke, na kaka zao wako hatua chache. Mpangilio wa makazi ulimlinda mwanamke kuliko sheria yoyote iliyoandikwa wakati huo. Ulinzi huo unapungua mke anapohamia na mumewe mjini au kwenye nyumba ya peke yao.

Mwenendo mbaya wa ndani pia uliweza kuanikwa uwanjani. Wakati wa ngoma za katsina, wachekeshaji waliigiza mlevi, mzinzi na mvivu, na kila mtazamaji alijua ni nani anayeigizwa. Silaha nyingine ilikuwa mbaya zaidi: tuhuma ya uchawi. Mchawi wa Kihopi, powaqa, aliaminika kuwadhuru jamaa zake mwenyewe, kwa hiyo ugomvi wa ndugu uliofichwa ungeweza kugeuka hofu ya kifo.

Serikali ya Marekani ilibadilisha nini?

Ilimtafuta "baba mwenye nyumba" mahali ambapo hakuwepo. Sheria ya 1887 ya kugawa ardhi za wenyeji vipande vipande ilipoletwa kwa Wahopi miaka ya 1890, wapima ardhi walitaka kumwandikia kila mkuu wa familia kipande chake. Machi 1894 viongozi wa koo na vijiji vyote walipeleka ombi Washington, likiwa na alama 123 za koo. Walieleza kwamba familia, nyumba na shamba havitenganishwi, kwa sababu mwanamke ndiye moyo wa vyote hivyo. Mwanamume hujenga nyumba lakini mwanamke ndiye mwenye nyumba kwa kuwa huikarabati na kuitunza. Hatujaona maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo kuhusu sheria ya nyumba ya Hopi. Mpango wa kugawa ardhi hatimaye haukufaulu.

Shule ya bweni ilifunguliwa Keams Canyon mwaka 1887. Iliwatoa wasichana kwenye mawe ya kusagia na wavulana kwa wajomba, katika umri uleule wa kufundwa. Wanaume 19 waliopinga walifungwa katika jela ya kisiwa cha Alcatraz, California, mwaka 1895, karibu miezi minane, na wake zao walibaki na mashamba bila walimaji. Septemba 1906 Oraibi ilipasuka kati ya waliopatana na serikali na walioikataa. Kundi la pili lilitolewa kijijini, likaanzisha Hotevilla. Wanaume wengi wa kundi hilo walikamatwa, na wanawake waliikabili baridi ya kwanza wakiwa na wasaidizi wachache.

Je, ni kama Waluguru au Waswahili wa Lamu?

Hakuna undugu wa kihistoria, ila msomaji wa Tanzania au Kenya ana faida ya kuelewa haraka. Waluguru nao hufuata ukoo wa mama na kumpa mjomba uzito mkubwa juu ya wapwa. Kwa familia nyingi za Lamu ya zamani, binti alipewa nyumba au sehemu ya nyumba alipoolewa, na mume akahamia. Lakini huko nasaba hufuatwa kwa baba. Wahopi waliunganisha yote mawili.

Kaya isiyo na binti ilifanyaje?

Nyumba ilikwenda kwa binti wa dada, au mwanamke wa karibu wa ukoo uleule. Mwana wa kiume aliweza kuishi humo, hata kuitengeneza, lakini mkewe hakuirithi, kwa kuwa ni wa ukoo mwingine. Mizozo mingi ya sasa inaanzia hapa: mwanamume amejenga kwa mshahara wake, kwa saruji aliyoinunua, kwenye kiwanja cha ukoo wa mama yake, kisha akafariki. Dada zake wanadai ardhi, mjane anadai kuta.

Mzozo kama huo leo unapelekwa wapi?

Kwanza kwa wakubwa wa ukoo. Katiba ya Kabila la Hopi, iliyoidhinishwa Desemba 1936, iliviachia vijiji mamlaka ya kusuluhisha ugomvi wa familia, kusimamia urithi wa wanakijiji wake, kuteua walezi wa yatima na kugawa mashamba. Kwa hiyo anayekwenda mahakama ya kabila na kesi ya nyumba ajitayarishe kuulizwa kwanza kijiji chake kimesema nini. Utaratibu wa vijiji haufanani: vingine vina kikmongwi, vingine vina baraza la kuchaguliwa. Mjane, dada au mwana anayedai nyumba anapaswa kujua ukoo wa mwanamke aliyekikandika chumba kile mara ya kwanza, na awe na wazee wa kulithibitisha hilo.